Weupe ndani ya weupe

Kazi yangu ni kubana matiti. Sijui niiseme vipi kwa adabu zaidi. Mimi ndiye yule mwanamke mwenye mikono baridi anayekwambia ushushe bega na ugeuze uso, kisha anakanyaga pedali na bamba la plastiki linashuka, ili apige mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi. "Usipumue." Sekunde chache tu, limeachia. Tunabana kwa sababu titi likitandazwa, tishu zilizolaliana huachana, picha haitikisiki, na mionzi inayohitajika hupungua. Kabla ya hapo nitakuuliza kama umepaka deodoranti. Wengi hucheka wakidhani nawasema harufu. La hasha. Chembe za aluminiamu zilizomo hutokea kwenye picha kama vidoti vyeupe, na vidoti vyeupe ndivyo tunavyovisaka, maana chembe za kalisi zilizojikusanya mahali pamoja huweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani ambayo bado haishikiki kwa mkono.

Siku hizi wanawake wanaingia chumbani na swali jipya: "Dada, ni kweli kompyuta sasa inaona saratani kuliko daktari?" Jibu langu ni refu kuliko muda nilio nao kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Kwanza, ukungu. Kwenye mamogramu mafuta huonekana meusi, tezi na nyuzinyuzi huonekana nyeupe, na uvimbe wa saratani nao ni mweupe. Titi likiwa na mafuta mengi, uvimbe unajianika wenyewe. Titi likiwa na tishu nzito, yaani tezi na nyuzinyuzi nyingi, weupe hutanda kama ukungu, na kuutafuta uvimbe ni kusaka punje ya chumvi ndani ya sukari. Uzito huu haupimwi kwa kushika. Titi gumu au laini halikuambii kitu. Madaktari huupanga kwa herufi, A hadi D, D ikiwa nzito kuliko zote, na karibu nusu ya wanawake waliovuka miaka 40 wako kwenye C au D. Nchini Marekani, tangu Septemba 2024, kila kituo kinachopiga mamogramu kinalazimika kumwandikia mwanamke kama matiti yake yana tishu nzito au hayana. Mimi naiona sheria hiyo kuwa na maana kuliko mashine nyingi ninazoonyeshwa kwenye maonyesho. Mwanamke anayeambiwa "picha yako ni safi," wakati nusu ya picha ni ukungu, ameambiwa nusu ya habari.

Haya, akili mnemba, yaani hiyo kompyuta mnayoniuliza. Kwa muda mrefu sikuichangamkia, na nilikuwa na sababu. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha programu ya kwanza ya kutia alama mahali panaposhukiwa saratani kwenye mamogramu. Ilitia alama kila kona. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2007 ukaonyesha kwamba vituo vilivyoitumia viliwaita wanawake wengi zaidi warudi na kuwachoma sindano ya kuchukua kinyama wengi zaidi, bila ongezeko la wazi la saratani zilizopatikana. Programu za sasa ni mbegu nyingine; hazifuati orodha ya sifa zilizoandikwa na binadamu, zimejifunza kutokana na picha zenyewe, kwa maelfu na maelfu. Uswidi walifanya jaribio liitwalo MASAI, la wanawake zaidi ya 100,000. Kawaida yao kila picha husomwa na madaktari wawili. Kwa kundi moja programu ilipanga picha kwanza, zenye hatari ndogo zikasomwa na daktari mmoja, zenye hatari kubwa na wawili. Kazi ya kusoma ilipungua kwa asilimia 44, na saratani zikapatikana 6.4 kwa kila wanawake 1,000 badala ya 5.0. Hapo hata mimi nilinyoosha mikono.

Lakini programu inasoma kilichomo kwenye picha. Nikikupanga vibaya, kipande cha titi kilichokaribia kwapa kikabaki nje ya bamba, hakuna akili, ya mnemba wala ya kuzaliwa, itakayokiona. Na mahali ukungu umefunika kila kitu, kuna kikomo cha kinachoweza kusomwa.

Ndiyo maana kinachonisisimua mimi hasa ni vipimo vinavyoacha kutazama weupe na kuanza kutazama damu. Uvimbe wa saratani ukitaka kukua hujitengenezea mishipa yake, tena mishipa ya ovyo, inayovuja. Ukimchoma mtu dawa ya kung'arisha picha, dawa hukusanyika pale. MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, inafanya hivyo tangu zamani, ila ni ghali na inachukua muda. Mwaka 2014 Christiane Kuhl na wenzake huko Ujerumani walionyesha kwamba MRI iliyofupishwa, ya dakika tatu tu za kupiga picha, inatosha kusaka saratani. Uholanzi nao waliwapa MRI ya nyongeza wanawake wa kundi D. Saratani zinazozuka katikati, kabla ya uchunguzi unaofuata, zikawa 2.5 kwa 1,000 katika kundi lililoalikwa, dhidi ya 5.0 kwa wasioalikwa. Gharama yake: wanawake kama 80 kati ya kila 1,000 waliopimwa walishtuliwa bure.

Kuna pia mamogramu yenye dawa, inayofanyika kwenye mashine ya aina hii hii ninayoisimamia. Unachomwa iodini mkononi, tunasubiri kama dakika mbili, kisha nakubana kama kawaida. Mashine inapiga picha mbili kwa nguvu tofauti za mionzi na kompyuta inaondoa moja kwenye nyingine, kama hesabu ya kutoa. Ukungu unayeyuka mbele ya macho, na kama kuna kitu kimenyonya dawa, kinabaki peke yake kwenye kiza. Nchini Uingereza, jaribio liitwalo BRAID, lililochapishwa mwaka 2025, liliwachukua wanawake wenye tishu nzito ambao mamogramu zao hazikuonyesha kitu. Mamogramu yenye dawa ilipata saratani 19 kwa kila vipimo 1,000, MRI fupi 17, altrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) inayopigwa na mashine yenyewe 4. Dawa ya iodini ina masharti yake: figo ziwe salama, na wapo wachache ambao miili yao huikataa vibaya. Mtu asikuchome bila kukuuliza.

Kamera za joto, zinazodaiwa kusaka saratani kwa joto la ngozi, nisizizungumzie sana. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya mara kadhaa kwamba hazichukui nafasi ya mamogramu, na bado zinauzwa kwa maneno matamu, "bila kubanwa, bila mionzi." Ndiyo, na bila majibu.

Picha ikishaonyesha kitu, bado hakijapata jina. Jina linatoka kwenye sindano: daktari anachukua vijinyama vyembamba, mpatholojia anavitazama kwa darubini na kuvipima kama vina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, na kama vina protini iitwayo HER2 kwa wingi, kwa sababu dawa hufuata majibu hayo. Kipimo cha damu kinachosaka vipande vya DNA ya saratani tayari kinawasaidia baadhi ya wagonjwa ambao ugonjwa umeshasambaa, kwa mfano kuonyesha mabadiliko ya jeni ya ESR1 yanayofanya dawa za homoni zigome. Kwa uvimbe mdogo wa mwanzo, vipande hivyo kwenye damu ni haba mno. Ukiambiwa uache mamogramu kwa sababu umeshapimwa damu, kataa, na uulize wewe uko herufi gani.