Nani alilipia? Filamu za ubepari tunazotazama Busia

Filamu nyingi zinazolaumu ubepari zimetengenezewa mtu ambaye kabati lake limejaa. Zinamwambia apunguze, asinunue tena, aangalie takataka anazoacha nyuma. Nazitazama na nakubaliana nazo. Lakini mimi nauza mitumba hapa Busia, upande wa Uganda, na kila filamu ya namna hiyo ikiisha nabaki na swali lilelile: kati ya shamba na kabati, hela ilipita kwa nani, na kila mmoja alibaki na kiasi gani? Filamu inayojibu swali hilo naiheshimu. Isiyojibu, hata iwe na picha nzuri namna gani, kwangu imeishia nusu ya njia.

Iliyonifungua macho ni The Story of Stuff. Mmarekani Annie Leonard aliitoa mtandaoni mwishoni mwa 2007. Ni dakika 20 tu: yeye amesimama anaongea, nyuma yake vikatuni vya mistari myeusi vinachimba, vinatengeneza, vinauza, vinatupa. Kuna mahali anataka kununua redio ndogo ya kijani, bei dola 4.99. Akiwa kwenye foleni anaanza kupiga hesabu. Madini yake labda yalichimbwa Afrika Kusini, mafuta labda Iraki, plastiki labda China, na pengine aliyeiunganisha ni kijana wa miaka 15 kiwandani Mexico. Dola 4.99 hazitoshi hata kodi ya rafu iliyokaa redio hiyo. Basi nani alilipia? Anajibu mwenyewe: walionyang'anywa ardhi na maji yao, wafanyakazi wanaovuta moshi wa kiwanda, watoto wa Kongo walioacha shule wakachimbe madini ya koltani.

Nilirudisha nyuma nikaitazama tena sehemu ile, maana bei ya namna hiyo naishika mkononi kila asubuhi.

Robota la kilo 45 unalinunua likiwa limefungwa. Ndani huoni; unasoma tu yaliyoandikwa nje, blauzi za kike au nguo za watoto au mashuka, unamwomba Mungu, unalipa. Ukikata mikanda nguo zinafura na kumwagika, na ile harufu ya dawa inajaa kibanda kizima. Wateja wa mapema wameshazunguka, kila mmoja ameshika yake chini ya kwapa huku mkono mwingine unachakura. Zile safi, zisizo na doa wala mshono uliofumuka, tunaziita kamera. Zinazobaki chini baada ya wote kuchagua ni fagia, na fagia ikizidi, robota limekula mtaji wako.

Katika robota moja nilitoa sketi ya bluu, nzuri, imebanwa kikaratasi kwa pini kiunoni. Kikaratasi kinasema pauni 4. Ni cha duka la hisani la Uingereza, yale ambayo watu hupeleka nguo bure ziuzwe kusaidia wenye shida. Lebo ya ndani inasema imeshonwa Bangladesh. Nilikaa nayo mapajani kwa muda. Mtu wa Uingereza aliitoa bure. Duka lilitaka pauni 4, haikununuliwa, ikauzwa kwa kilo. Kuna aliyeichambua, kuna aliyeifunga, kuna mwenye meli, kuna ushuru wa bandarini Mombasa, kuna tajiri wa Nairobi aliyefungua kontena, kuna lori, kuna aliyeniuzia robota. Mimi niliiuza shilingi 5,000 za Uganda. Kila mkono katika safari hiyo ulikula kidogo chake. Ila yule dada aliyeishona alilipwa mara moja tu, pale mwanzo, na sketi imeendelea kuuzwa na kuuzwa bila yeye kujua iko wapi.

Huyo dada ndiye anayefuatwa na The True Cost ya Andrew Morgan, iliyotoka 2015. Inatupeleka Dhaka kwa Shima Akhter, mshona nguo wa kiwandani, ambaye anampeleka binti yake kijijini akalelewe huko kwa sababu mjini hana wa kumwachia. Na inatukumbusha Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo lililoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, ilhali nyufa zilionekana siku moja kabla na wafanyakazi wakaambiwa warudi kazini. Sehemu ile sikuweza kuitazama bila kusimamisha. Filamu inafika pia Haiti, ambako mitumba imezima kazi za washonaji wa pale, lakini inapita haraka mno. Kwangu mimi hapo ndipo filamu ingeanzia.

Maana sisi mambo hayo tuna sinema yake nzima ambayo sijaona aliyeipiga. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika, serikali yao ikatishia kuziondolea nchi zetu nafasi ya kuuza bidhaa huko bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika mpango huo. Kisha Agosti 2023 Rais Museveni, akiwa Mbale kwenye eneo la viwanda, akatangaza kwamba mitumba ipigwe marufuku, akasema ni nguo za Wazungu waliokufa. Siku zile tuliokuwa na mkopo hatukulala. Marobota yanaendelea kuuzwa, lakini hofu ile ilikuwa ya kweli, na hoja ya viwanda vyetu nayo ni ya kweli. Pamba yetu nyingi inaondoka Uganda ikiwa imechambuliwa tu, haijawa hata uzi. Inaweza kurudi kama shati jipya ambalo hatuliwezi bei, au kama shati alilochoka nalo mtu mwingine. Ningependa mtu mwenye kamera amfuate mkulima mmoja wa pamba wa Teso na shati moja, aandike bei kila inapobadilika mkono, na asiweke muziki wa huzuni juu yake.

Shemeji yangu ana kibanda cha video karibu na stendi. Jumapili asubuhi, kabla ya mpira, ananiachia ukumbi. Kwa kawaida filamu ya nje hapa haitazamwi bila vijei, yaani mtu anayeitafsiri kwa sauti huku inaendelea, kwa hiyo kwa watoto nilianza na WALL-E ya 2008, kwa sababu mwanzo wake mrefu karibu hauna mazungumzo. Dunia imejaa takataka, watu wamekimbilia angani kwenye meli ya kampuni moja iliyowauzia kila kitu, na roboti mmoja mdogo amebaki anabana taka kuwa matofali kwa miaka 700. Nilidhani watoto watashangaa milima ya taka. Walichoshangilia ni pale roboti anapochukua minyororo ya magurudumu ya roboti mwenzake aliyekufa akajivisha, na baadaye anapobadilisha jicho lake lililovunjika. "Ni fundi!" mmoja akapaza sauti. "Ana spea zake!"

Na kweli, nje ya kibanda kile kuna kijana ana meza yenye kioo, chini ya kioo zimepangwa simu zilizokufa. Moja inatoa spika, nyingine inatoa mlango wa chaji, nyingine imebaki ubao tu. Anapuliza hewa moto, ananyofoa kitu kidogo kuliko punje ya mchele, anakihamishia kwenye simu ya mteja, simu inawaka. Tatizo lake ni simu mpya ambazo betri imegandishwa ndani kwa gundi na mfuniko haufunguki bila kupasuka. Aliyeamua hivyo alijua fundi atashindwa. Hilo nalo ni bei: mteja anasukumwa anunue nyingine, fundi anakosa kazi, na faida yote inarudi kiwandani. WALL-E haisemi hilo, ni hadithi ya watoto, lakini watoto wa Busia waliliona.

Kwa watu wazima nilionyesha Darwin's Nightmare, ya Mwaustria Hubert Sauper, ya 2004. Hii ilipigwa Mwanza, kwenye ziwa letu hilihili, na watu wengi ndani yake wanaongea Kiswahili, hivyo hatukuhitaji vijei. Inamfuata sangara, samaki aliyeingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na mifupa vinabaki vikianikwa juani vikiwa na funza, na ndiyo mboga ya wenyeji. Mwanza wanaiita mapanki. Kwetu mgongo wazi.

Ukumbi ulikuwa kimya wakati wa mapanki. Ilipoisha, mama mmoja anayekaanga mgongo wazi jioni pale kona ya soko akasimama. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa juu ya Wazungu. "Huyo mtu ametuonyesha kama watu wanaookota," alisema. "Mimi nanunua. Nalipa kiwandani, nalipa boda, nalipa mafuta ya kukaangia. Mgongo wazi umenisomeshea watoto. Mbona hakuuliza bei?"

Nimelifikiria neno lake sana. Filamu ile ina nguvu na ninaamini ilistahili kutengenezwa. Sikubaliani na jinsi inavyodokeza habari za silaha ndani ya ndege bila kuzithibitisha, na naelewa kwa nini Rais Kikwete aliikemea hadharani mwaka 2006 na watu wa Mwanza wakaona wamedhalilishwa. Lakini yule mama aligusa pengo kubwa zaidi. Sauper aliona aibu, akaipiga picha vizuri. Mtaji wa mama hakuuona. Kama angeuliza bei angegundua kwamba mama huyo anajua hesabu ya ziwa kuliko msemaji yeyote wa kiwanda. Anajua kwamba mwaka 1999, Ulaya ilipokataa samaki wetu kwa sababu ya wavuvi waliotumia sumu, viwanda vilisimama na migongo ikapotea sokoni. Anajua kwamba siku hizi bondo, kile kifuko cha hewa cha sangara, linasafirishwa hadi China na kilo yake inazidi mbali kilo ya mnofu, na kwamba hela hiyo haifiki kwake. Anajua wanajeshi walipoingia ziwani 2017 kukomesha uvuvi haramu nani alichomewa mtumbwi na nani aliachwa. Ningetoa nauli yangu mwenyewe kumwona huyo mama akihojiwa saa nzima.

Filamu inayokaribia ninachotaka ni Black Gold ya ndugu wawili Waingereza, Nick na Marc Francis, ya 2006. Ni ya kahawa ya Ethiopia. Tadesse Meskela, kiongozi wa muungano wa vyama vya ushirika vya Oromia, anakaa na wakulima na kuwaambia kikombe kimoja cha kahawa yao kinauzwa kiasi gani huko Ulaya na Marekani, kisha wanahesabu pamoja vikombe vinavyotoka katika kilo moja. Nyuso zao wakati hesabu inapanda ndizo filamu yenyewe. Hakuna anayelia. Wanapiga hesabu, wanatazamana.

Hiyo ndiyo tunayoonyesha Jumapili hii, saa nne asubuhi, kiingilio shilingi 500, na wakulima wa kahawa kiingilio bure. Mjomba wangu anashuka kutoka Sironko na amesema atakuja na stakabadhi zake za mauzo ya msimu huu. Ukiwa na zako, za kahawa, pamba au samaki, njoo nazo. Shemeji ameshanunua ubao na chaki, na tukimaliza kutazama tutaziandika bei zote ubaoni tuzijumlishe, kabla watu wa mpira hawajaingia.