Manganizi iliyokuwa ikiingia shambani kupitia dawa ya ukungu

Kwa misimu mingi nilikuwa nakinga viazi mviringo dhidi ya bakajani, ugonjwa unaoozesha majani, kwa dawa ya ukungu iitwayo mankozebu, ule unga wa njano ambao wakulima wengi wa viazi wanaujua. Umoja wa Ulaya ulipokataa kuuongezea muda wa kibali mwishoni mwa 2020 kwa sababu za kiafya, nikaamua kutumia dawa nyingine. Bakajani haikunisumbua. Kilichonishtua ni rangi ya majani katika sehemu ya shamba niliyokuwa nimeitia chokaa.

Yalipauka majani machanga ya juu. Katikati ya mishipa palikuwa pa njano, mishipa yenyewe ikabaki kijani, na nilipoligeuza jani niliona vidoa vidogo vya kahawia vimejipanga kando ya mishipa. Naitrojeni ikipungua, huanza kupauka majani ya zamani ya chini, na magnesiamu vivyo hivyo. Hapa shida ilianzia juu, tena upande wa chokaa tu. Nikashuku upungufu wa manganizi, mojawapo ya madini ambayo mmea huyatumia kama chakula.

Nilirudi kwenye muundo wa ile dawa ya zamani. Kiambato cha mankozebu, yaani ile kemikali yenyewe inayofanya kazi, kina manganizi takriban asilimia 20 na zinki takriban asilimia 2.5. Chukua unga wenye kiambato asilimia 80, kilo 2.5 kwa hekta, upulizie mara nane kwa msimu: hizo ni kilo 20 za unga, na ndani yake mna manganizi kama kilo 3.2 na zinki gramu 400. Kwa kirutubisho ambacho kiazi hukihitaji kidogo sana, hiyo ni mbolea ya kutosha, na mimi nilikuwa nimeiondoa.

Lakini je, viazi vilikuwa vikiipata kupitia udongo? Mankozebu haidumu ardhini. Maji na vijidudu huivunja ndani ya siku chache, ikatokea ethilinithaiorea, ambayo ndiyo hasa inayotiliwa shaka kwa madhara yake kwenye tezi ya thairoidi, kisha nayo huvunjwa. Mwishowe kaboni hutoka kama hewa, salfa na naitrojeni hugeuka kuwa chakula cha mmea. Usitegemee naitrojeni hiyo, maana katika kilo 20 za unga haifiki hata kilo 2. Manganizi inabaki, ila kwenye udongo wenye chokaa na hewa ya kutosha hushikana na oksijeni, ikawa haiyeyuki tena na mizizi haiwezi kuifikia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya msaada, kwa maoni yangu, ilikuwa ikiingia kupitia majani.

Hilo ndilo lililoniongoza. Badala ya kumwaga manganizi ardhini nilichukua salfeti ya manganizi, nikaichanganya kwa kipimo cha kwenye kibandiko, nikapulizia jioni matuta machache yaliyopauka na kuacha mengine ya jirani yapate maji matupu. Majani yaliyochipua baadaye kwenye matuta yenye manganizi yalitoka kijani. Kwenye maji matupu yaliendelea kupauka. Vile vidoa vya zamani havikufutika, na havifutiki. Baada ya hapo ndipo nikapulizia upande wote wa chokaa.

Sasa hupeleka maabara vikonyo vya jani la nne kutoka juu kabla dalili hazijaonekana, na chokaa nimepunguza, kwa kuwa viazi vinaridhika na pH (kipimo cha asidi ya udongo) ya 5 hadi 6 na chokaa nyingi huchochea ukoko kwenye ngozi ya kiazi. Upande wenye asidi siupulizii manganizi kabisa. Udongo wa huko unayo ya kutosha, na ikizidi, kwenye mashina hutokea michirizi ya kahawia na majani ya chini hukauka mapema. Dawa za shaba nazo nazitumia kwa tahadhari: shaba ni metali, haiozi, inarundikana ardhini mwaka hadi mwaka na kuwadhuru minyoo.