Paka wa miaka 11 asiyeshobokea mtu, na vile tulivyozoeana

Niseme ukweli kwanza, mimi nilienda kutafuta mtoto wa paka. Panya walikua wamenichosha hapa South B, Nairobi, nikasikia KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama kule Karen, wanatoa paka kwa mtu anayetaka kufuga, nikasema Jumamosi naenda nachukua kadogo kamoja narudi nako. Kufika, vitoto vinaparamia wavu vinalia nichukue mimi nichukue mimi, na kule juu ya rafu kuna bibi mmoja wa rangi ya majivu, sikio moja limekatwa ncha, amenipa mgongo. Nikaita nyau nyau wapi, hata sikio hakugeuza.

Dada wa pale akanambia huyo ni mzee, wakimuangalia meno wanamkadiria miaka 11 hivi, alikua wa mtaani akafungwa uzazi (ndo maana ya ile ncha ya sikio), akachukuliwa na mama mmoja, mama akahama nchi. Sasa kila anayekuja anampita kwa sababu hachezi na mtu. Alafu akaniuliza natoka nyumbani saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi, kurudi saa mbili usiku. Akacheka, akasema kitoto utakiua kwa upweke, wewe wako ni yule pale. Basi nikahojiwa madirisha yana wavu, mwenye nyumba anaruhusu, nikisafiri nani atamlisha, yaani maswali kama naposa binti wa watu.

Nyumbani nilimpa jina Shangazi, manake alitazama sebule yangu vile shangazi anavyotazama pilau ya harusi isiyomridhisha. Kisha akaingia chini ya kitanda na hapo akakaa siku nne.

Mimi mtoto wa Mji wa Kale Mombasa nilidhani paka nawajua. Lakini kwetu paka hawafugwi, wanakaa tu na nyinyi, leo yuko kwenu kesho yuko kwa muuza samaki, akiumwa humuoni. Huyu wa ndani ni jambo lingine. Siku ya kwanza hakula, ya pili asubuhi pia hola, nikapiga simu nimepaniki, kwa sababu nilikua nimeonywa paka akikaa siku mbili tatu bila kula ini linaweza kuharibika. Nikaambiwa pasha chakula moto kidogo kitoe harufu, weka, ondoka chumbani. Nikachemsha omena (dagaa) bila chumvi, nikaweka mlangoni mwa kitanda nikaenda kulala kwenye kochi. Asubuhi sahani inang'aa! Nilifurahi kama nimetoa A ya hesabu. Baadae nikawa nachanganya na chakula cha paka cha dukani kidogo kidogo, omena peke yake haitoshi.

Kosa langu kubwa ilikua kumtafuta. Nikirudi kazini nalala kifudifudi namulika tochi ya simu chini ya kitanda, Shangazi, Shangazi, naye anafoka. Mamangu nikampigia akanambia mwanangu unamkera bi mkubwa, mwache. Nikaacha kweli. Nikawa nakaa sakafuni nasoma simu yangu bila kumuangalia, na macho yetu yakikutana nafumba yangu polepole, maana paka ukimkodolea anaona unamtafuta ugomvi. Siku ya tano akatoka akapita mbele yangu kama sipo, akaenda kunusa viatu.

Maziwa nilimpa, kwani si sote tumekua tukijua paka ni maziwa? Akaharisha siku mbili. Wengi wao wakishakua tumbo haliwezi tena ile sukari ya maziwa, maji tu yanatosha.

Alafu akaanza kukojoa kando ya beseni la mchanga. Hapo nilikasirika wallahi, nikasema hii sasa ni jeuri. Wiki hiyo hiyo akawa anachechemea, jirani akashauri nimpe robo ya panadol. Nashukuru Mungu niliuliza kwanza, panadol ni sumu kwa paka, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua, na robo pia si ya kujaribu. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, kumbe ukucha mmoja umejikunja umeingia kwenye nyama ya kidole, paka wakizeeka kucha zinakua nene na hazijivui vizuri, kwa hiyo ni mimi wa kuzikata. Na viungo vya miguu ya nyuma vinamuuma, ukingo wa beseni ulikua juu kwake. Jeuri gani, bibi wa watu alikua anashindwa kuingia! Nikapasha kisu moto nikakata ukingo upande mmoja, mikojo ya kando ikaisha siku hiyo. Dirishani nikaweka kigoda apande kwa awamu, anapenda kutazama mama wa mboga pale chini. Kitanda cha paka nilichonunua kwa pesa yangu hajakigusa mpaka leo, analala juu ya dekoda kwa sababu ina joto.

Panya sijui walisikia harufu wakahama, yeye sijamuona kakamata hata mmoja.

Kupakatwa hataki. Ukimbeba anakua mgumu kama gunia la mahindi. Lakini kama mwezi wake wa tatu hivi kwangu nilikua naswali isha, nikashtukia kajilaza katikati ya mswala, nikasujudu pembeni, hakusogea. Tangu hapo ni kila usiku, naswali kwenye robo ya mswala wangu mwenyewe, nikimaliza anainuka anaenda zake bila hata kunitazama.

Siku hizi naona anamaliza bakuli la maji haraka na mchanga unaloa kuliko zamani. Nimekua nampima kwa kusimama naye kwenye mizani kisha natoa uzito wangu, ameshuka gramu 300. Daktari anashuku figo, ni ugonjwa wa kawaida kwa paka wazee, anataka kumtoa damu Jumamosi. Kikapu cha kumbebea nimekitoa kabatini leo nikakiweka sebuleni akizoee, na sasa hivi yuko chini ya kitanda, hatuongei.