Kiganja Juu ya Saa

Juzi, tulipokuwa katikati ya sala ya jioni, yule wa mwisho alinikatiza kabla sijamaliza Salamu Maria ya pili, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa na wala si ya utundu: "Mama, mbona unasali huku unanusa?" Baba yake aliinamisha kichwa ili kuficha kicheko. Nilikuwa nanusa kweli, kwa sababu jikoni kulikuwa na maharage ambayo nilianza kuyashuku tangu tulipofanya ishara ya msalaba, na pua yangu, ambayo haijawahi kwenda mafungo hata siku moja, ilikuwa imebaki kwenye sufuria.

Sikumjibu, kwa kuwa swali lake lilinirudisha kwenye Alhamisi Kuu ya mwaka 2009, tarehe 9 Aprili, na kwenye sufuria nyingine.

Parokia kule mlimani ilikuwa imeugawa usiku ule kwa jumuiya ndogo ndogo, kila jumuiya saa moja ya kukesha, tangu Misa ya Karamu ya Bwana inapokwisha hadi usiku wa manane, na sisi tuliangukiwa na saa nne hadi saa tano. Mimi nilikuwa nimeinjika makande tangu alasiri. Ijumaa Kuu tungefunga, mlo kamili ungekuwa mmoja tu na usiokuwa na nyama, na nyumba ilikuwa imejaa wageni waliopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha kwa ajili ya Pasaka, kwa hiyo mlo huo mmoja ulikuwa umenikalia kichwani kuliko milo yote ya wiki nzima. Kabla ya kuondoka niliongeza maji, nikapunguza makaa, nikayafunika kwa jivu, nikajihesabia kwamba yangevumilia hadi nirudi. Siku hizi tunazilaumu simu kwa kutuvuruga katika sala, na mimi pia nimewahi kusimama mbele ya jumuiya kuzilaumu, lakini usiku ule simu yangu niliiacha nyumbani kwa makusudi. Kilichonivuruga ni chakula nilichokuwa nakipika kwa ajili ya kufunga.

Kanisani altare kuu ilikuwa imevuliwa vitambaa vyote, kengele zilikuwa zimenyamaza tangu wimbo wa Gloria, na Ekaristi Takatifu ilikuwa imehamishiwa kwenye tabernakulo ya pembeni, kisanduku cha kuihifadhia, iliyozungushiwa mishumaa, maua meupe na majani ya sale, yale ambayo Wachaga hupelekeana wanapoombana msamaha. Mwenyekiti wetu alisoma habari za Gethsemane. Alipofika kwenye lile swali la Bwana kwa Petro, kama hawakuweza kukesha naye hata saa moja, mimi nilikuwa nimeugeuza mkono taratibu ili mwanga wa mshumaa uangukie kwenye saa yangu. Ilikuwa saa 4 na dakika 17. Maji yalikuwa yamebaki vidole viwili, labda kimoja.

Ndipo bibi aliyekuwa kushoto kwangu, akiinuka kutoka magotini ili aketi, alipoweka kiganja chake juu ya saa yangu, akakiacha hapo. Hakunitazama. Kilikuwa kiganja kipana na kikavu, chenye mikunjo iliyoshika weusi wa utomvu wa ndizi, ule usiotoka kwa sabuni yoyote, na kilikuwa na joto kama kitu kilichoanikwa juani mchana kutwa. Nilihisi mishale ya saa ikitembea chini yake, jambo ambalo najua haliwezekani. Nilijua pia kwamba amenikamata. Bibi yule alikuwa amepita miaka 70, wakati sheria ya Kanisa ya kufunga inawabana wenye miaka 18 hadi 59 tu, lakini kila mtu alijua kwamba kesho yake hangeonja kitu hadi msalaba ubusiwe. Na mimi, niliyekuwa na nguvu zangu zote, nilishindwa kutulia robo saa. Niliona aibu hadi masikioni.

Baada ya muda kiganja kilizidi kuwa kizito. Niligeuka nikaona kwamba amelala, kinywa kikiwa wazi kidogo, rozari ikiwa imeanguka mapajani. Sikuweza kuuchomoa mkono bila kumwamsha. Kwanza niliendelea kuhesabu dakika kimoyomoyo. Nilipopoteza hesabu nikaanza kuitazama mishumaa, na kuna kipindi, sijui cha urefu gani, ambacho simkumbuki mgeni yeyote wala sufuria. Nakumbuka mvua ya masika ikianza juu ya mabati. Nakumbuka kwamba sikuwa na neno la kumwambia Mungu na sikulitafuta. Jumuiya yetu iliinuka ikatoka, iliyofuata ikaingia na kupiga magoti, somo likasomwa upya, nami nikalisikia lile swali kwa mara ya pili mkono wangu ukiwa bado umefungwa.

Bibi alizinduka, akauliza kwa kunong'ona, "Wamekwisha soma?"

Nyumbani nilipokelewa na harufu kabla sijafika kwenye migomba. Ukoko ulikuwa mweusi na mnene, na sehemu ya juu iliyookolewa ilikuwa na ladha ya moshi. Mama mkwe alikula bila kulalamika, akasema tu kwamba Ijumaa Kuu haikuwekwa ili watu wale vizuri.

Wiki ya Pasaka nilikwenda kumshukuru bibi. Nilimweleza kila kitu, makande, saa, aibu, na jinsi kiganja chake kilivyonifundisha kukesha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Mwanangu," alisema, "mimi sikuiona hiyo saa yako. Magoti yalikataa, nikashika kilichokuwa karibu."

Mwanangu huyu wa sasa bado anadai jibu lake. Jana tena, kabla hatujaanza, alikwenda jikoni mwenyewe kutazama kama jiko limezimwa, akarudi akapiga magoti, akanitazama puani.