Madumu Manane Mpaka Mwisho wa Reli

Treni iliingia Tabora usiku wa manane, imechelewa kiasi kwamba wauza maembe walishafunga biashara na kulala juu ya magunia yao. Nilikuwa na madumu manane ya asali, lita 20 kila moja. Sita niliyakatia risiti yakapanda behewa la mizigo, mawili nikayasukuma chini ya kiti daraja la tatu. Mzigo usiouona, mama yangu alikuwa akisema, usijisifu kwamba ni wako.

Asali ile niliinunua Sikonge mwezi wa Julai, kwa mzee ambaye bado anatundika mizinga ya magome huko ndani kabisa kwenye miombo. Nilimshauri angoje kidogo, maana Julai kila mtu ana asali na bei iko chini. Akaniambia, "Mwanangu, kijana anaripoti kidato cha tano wiki ijayo. Shule haisubiri." Nikamlipa, nikabeba, nikaweka stoo mpaka mwishoni mwa Novemba. Bei ilikuwa imeshapanda karibu nusu yake. Nilikuwa najiona mjanja sana.

Ujanja wangu ulianza kuvuja kabla hatujafika Usoke. "Dada, mbona kanga yangu inanata?" Mama mmoja wa Kiha, aliyekuwa ametandika sakafuni na mtoto wake, alinyanyua pindo la kanga akalimulika kwa simu. Mfuniko wa dumu moja ulikuwa umelegea. Nikaanza kuomba radhi, yeye akachovya kidole, akakilamba, akatangaza kwa sauti ya mnada, "Jamani, huku kuna asali!" Tulipofika Urambo, robo dumu ilikuwa imeondoka na vikombe vya watu. Sikukasirika, maana nililipwa kwa karanga, kwa mihogo ya kuchemsha, na kwa nafasi ya kulaza kichwa.

Kijana aliyenipa karanga alikuwa mkulima wa tumbaku, anashuka Kaliua. Kwao mbegu, mbolea na dawa huja kwa mkopo kupitia chama cha msingi. Ukifika msimu wa masoko, jani linapangwa madaraja na bei inatajwa kwa dola, kijijini ambako dola hakuna aliyeishika. "Mama, tumbaku yangu huwa imeuzwa kabla sijaipanda," alisema, na watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikamkumbuka mzee wa Sikonge, nikaacha.

Kati ya Kaliua na Nguruka nililala. Niliamshwa na wachuuzi wa samaki dirishani, na kulipopambazuka vizuri tulikuwa tunavuka bonde la Malagarasi, mafunjo yamejaa ukungu. Reli tunayopita ni ya Wajerumani. Walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, miezi michache tu kabla ya vita kuu. Sasa inajengwa nyingine ya kisasa, kilomita 506 kutoka Tabora hadi Kigoma, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Abiria mmoja alikuwa akihesabu saa tutakazookoa. Mimi nilikuwa nahesabu madumu: mwendo ukiwa wa kasi na nauli ya mzigo ikapanda, mchuuzi wa madumu manane atakaa behewa gani?

Uvinza treni ilisimama muda mrefu, nikashuka kunyoosha miguu. Chumvi ya hapa haitoki baharini. Inatokana na chemchemi za maji ya chumvi karibu na pale mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta dalili kwamba watu waliyachemsha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Karne ya 19 chumvi hii ilisafiri mbali pande zote, na watemi wa Uvinza walitoza ushuru kwa wachemshaji na kwa misafara iliyovuka mto. Nadhani walikuwa na bahati ya aina ya mali waliyopewa. Chumvi haiozi, na kila mtu anaihitaji. Mwenye chumvi anaweza kukaa kivulini akamwacha mnunuzi ndiye ahangaike.

Kigoma wanaiita mwisho wa reli, na kweli ukitoka stesheni, jengo lile la Kijerumani, kilichobaki mbele yako ni maji. Lakini aliyeileta reli hakuwa na nia ya kuishia ufukweni. Wajerumani walikuwa wakitazama ng'ambo. Mwaka 1913 waliunda meli huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari, kisha kwa reli, ikaungwa upya hapa Kigoma. Ndiyo Liemba. Walipoondoka waliizamisha wenyewe, Waingereza wakaja kuiibua. Wabelgiji nao, wenye Kongo yao, hawakutaka kukaa mbali na njia: kwa mkataba wa mwaka 1921 walipewa viwanja vya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Vikaitwa Belbase. Faranga moja! Mimi kwa meza yangu pale sokoni Tabora hulipa ushuru kila siku.

Nililala Ujiji kwa shangazi. Watalii wote hupelekwa pale penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871. Shangazi ana mambo yake. Yeye hunionyesha miembe, ananiambia babu zetu Wanyamwezi walipumzika chini ya miti kama hii wakiwa na pembe za ndovu mabegani, wanarudi Tabora, kisha Bagamoyo. Pembe nyingi zilizopitia Zanzibar ziliishia Connecticut, Marekani, zikachongwa vitufe vya piano. Na misafara yenyewe ilikwenda kwa bidhaa za mkopo, mikopo ya matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, ambao wao hawakutembea hata hatua moja. Walikaa, wakasubiri.

Asubuhi nikapeleka madumu Kibirizi, pale maboti ya mbao yanapopakia kwenda Kongo. Mnunuzi wangu anatoka Kalemie. Tulipatana bei haraka, akaniuliza mbona moja limepungua, nikamsimulia kanga ya mama wa Kiha, akasamehe. Tulikunywa chai. Kaka yake anachimba kobalti Kolwezi, na nilitaka kusikia, kwa sababu habari hizo tunazisikia redioni tu. Kongo peke yake hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, nayo huingia kwenye betri za simu na za magari ya umeme. Bei ilipoanguka sana, Februari 2025 serikali yao ilisimamisha kuiuza nje. Soko likahangaika, na kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu. Oktoba wakafungua, ila kwa mgao maalumu.

"Basi kaka yako amepata," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Mama, serikali ilisubiri. Ye hakuweza. Watoto wanakula kila siku. Aliuza kwa depo, kwa wale wanunuzi wa madini, kwa bei ile ya chini kabisa."

Mwenye depo, bila shaka, aliweka stoo. Nilikoroga chai yangu ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Fedha mkononi, nikapanda daladala kwenda Mwandiga kununua mawese ya kurudi nayo. Njia nzima kijana aliyekaa nami alinieleza kwamba Wamalaysia walikuja Kigoma kuchukua mbegu za michikichi, wakatajirika, sisi tukabaki na hadithi. Hadithi hii utaikuta kila kijiwe cha Tanzania, nami niliiamini miaka mingi. Ukweli ni kwamba miche minne ya asili ya Afrika ilipandwa na Waholanzi katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na haikutoka kwetu. Leo Indonesia na Malaysia hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia. Sisi tulikuwa na mchikichi siku zote, ila wa asili, kokwa kubwa lenye ganda nene na nyama kidogo. Ndiyo maana sasa kituo cha utafiti cha Kihinga huzalisha mbegu ya kisasa, tenera. Kijana hakufurahi. Kuibiwa kuna heshima yake kuliko kuzembea.

Mama niliyemkuta Mwandiga alikuwa na madumu matano mekundu mlangoni na mashudu yakikauka uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umetoka wapi na jua hili?"

Tukaanza. Nilitaja bei, akaguna. Nikataja tena, akanyamaza. Ulikuwa msimu, mawese yamejaa, nilijua na alijua. Kisha akasema taratibu kwamba mjukuu amelazwa na anatakiwa kupeleka fedha jioni. Hapo ndipo mchuuzi hushusha bei. Nimefanya hivyo mara nyingi, midomo yangu inajua maneno yenyewe. Safari hii nilibaki pale pale nilipokuwa, sikushusha, wala sikupandisha, nisijitie utakatifu.

Akakubali madumu manne. La tano alilisukuma kwa mguu, taratibu, mpaka likaingia ndani nyuma ya pazia.

"Na hilo, mama?"

"Hilo siuzi," akasema. "Njoo mwezi wa tatu."

Nikamlipa ya manne, nikaita bodaboda.