Huyu kuku amebandikwa?

Tangu Jumamosi swali hili halinitoki. Wifi amejifungua salama, mhariri amepitisha mpango wa kurasa zote 32 za kitabu cha picha ninachokichora, na bado nikilala namsikia yule mtoto: "Shangazi, huyu kuku amebandikwa?" Nikamjibu, "Hapana, amechorwa." Akaweka kidole kwenye skrini, palepale miguuni. "Mbona hajakaa chini?"

Hajakaa chini.

Mnajua kitabu hiki ninavyokifanya: mandhari kwa rangi za maji kwenye karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, wahusika kwenye tableti, ili mhariri akitaka kuku ageukie upande wa pili nisipake ukurasa mzima upya. Mandhari ya kurasa za 14 na 15 sina wasiwasi nayo. Niliiskani kwa nukta 600 kwa inchi, biti 16 ili hatua ndogo za rangi zisipotee, nikazima marekebisho ya skana yenyewe, kwa sababu huifanya karatasi iwe nyeupe pepe na kufuta rangi nyepesi. Manjano ya alfajiri ndiyo hutangulia kupotea. Picha imezidi kioo cha skana, kwa hiyo iliingia kwa vipande viwili vilivyopishana sentimita 4, bila kuigeuza karatasi. Taa ya skana humulika kutoka upande mmoja. Ukiigeuza, vivuli vya matuta madogo ya karatasi vinaangukia upande mwingine, na maungio yataonekana hata ufanyeje.

Kosa lilikuwa kwa kuku. "Mbona hajakaa chini?" Jana usiku nilimkuza hadi asilimia 200, nikaona alichokiona mtoto bila kukuza chochote. Ukingo wake ulikuwa mkali vilevile kuanzia mdomo hadi mkia, ilhali rangi ya maji haina tabia hiyo: ikikaukia kwenye karatasi kavu huacha mstari mzito pembeni, ikikutana na unyevu hutawanyika. Mwili ulikuwa laini kama kioo, hauna chembechembe. Na kivuli! Nilitumia nyeusi iliyopunguzwa nguvu, wakati vivuli vyote vya mandhari nilivichanganya kwa buluu ya ultramarini na kahawia. Kijivu kitupu juu ya udongo mwekundu huonekana kama uchafu.

Nikarudi mezani. Kwenye kipande cha karatasi ileile nilipaka madoa manne mapana, nikayaacha yakauke yenyewe bila feni, nikayaskani. Doa moja nikaliweka juu ya kuku kwenye tabaka la kuzidisha, lile ambalo nyeupe yake hupotea na kubakiza rangi tu, nguvu asilimia 35, likiwa limefungwa ndani ya umbo lake. Kivuli nilikipaka kwa brashi halisi, kizito chini ya vidole, chepesi kadiri kinavyokwenda mbali. Ukingo wa tumbo nikaufifisha mpaka ukaingia kwenye udongo. Ukali nikauacha kwenye mdomo na jicho tu. Mwisho nikachukua majani matatu ya nyasi kutoka mandhari ileile, nikayapitisha mbele ya kucha. Nadhani majani hayo ndiyo yaliyomaliza kazi. Kitu kikifunikwa kidogo na mahali kilipo, jicho linakubali kwamba kipo hapo.

Asubuhi nimefungua faili nikafurahi sana. Kuku amesimama. Kile kilichoniuma wiki nzima sasa nakishukuru, maana wahusika wengine kumi na mmoja nao wameelea vivyo hivyo na hakuna mtu mzima aliyeniambia. Kabla ya kuwagusa nitatazama rangi kwa hali ya CMYK, yaani zile wino nne za uchapaji, kwani ultramarini hufifia sana ikifika kwenye wino wa kiwandani, na sitaki vivuli nilivyohangaikia vigeuke zambarau iliyochoka.

Mtoto nitamwonyesha kesho, bila kumwambia kilichobadilika.

Mama alikwenda kliniki Jumatano akasema atanipigia akitoka. Leo Ijumaa. Simu yake inaita tu.