Kutoka Naurouze hadi Carcassonne kwa baiskeli

Kati ya Toulouse na Bahari ya Mediterania kuna mfereji wa kilomita 240, Canal du Midi, uliochimbwa kuanzia 1666 hadi 1681. Ukingoni mwake ipo njia waliyopita farasi wakivuta mashua, na leo wanapita watu wa baiskeli. Wasafiri wengi huifuata ili iwafikishe kwenye ngome na makanisa. Mimi naamini mfereji wenyewe ndio jengo la kihistoria la kutazamwa kwanza, na anayeusoma vizuri ni yule anayekwenda nao kwa mwendo wa pedali. Niliuelewa hivyo siku moja ya Mei 2017, nilipotoka Port-Lauragais na binamu yangu kuelekea Carcassonne, mwendo wa yapata kilomita 55.

Mzigo wetu ulikuwa wa kawaida kwa safari ya kulala hema. Kila baiskeli ilibeba kama kilo 18: mifuko miwili kwenye keria ya nyuma, mkoba mdogo kwenye usukani, hema limefungwa juu ya keria. Tairi zilikuwa za upana wa milimita 37, na nisingemshauri mtu aje na nyembamba zaidi. Kutoka Toulouse hadi Port-Lauragais, kilomita 50 hivi, njia ni lami tupu, kwa hiyo tulikuwa tumejaza upepo psi 75 nyuma na 65 mbele.

Kilomita chache tu mbele yake ni Naurouze, na hapo ndipo mfereji wote unapojieleza. Ni mahali pa juu kuliko pote njiani, mita 189 juu ya usawa wa bahari. Maji ya upande mmoja huteremka kuelekea Toulouse, mto Garonne na Bahari ya Atlantiki; ya upande wa pili huteremka kuelekea Mediterania. Watu walikuwa wakiota kuziunganisha bahari hizi mbili tangu zamani, na kuchimba hakukuwa ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Ugumu ulikuwa maji. Kila mashua ikivuka kilele, malango ya vyumba vya kupandishia na kushushia mashua hufunguliwa na maji hukimbilia chini, pande zote mbili. Usipokuwa na chanzo kinacholeta maji mapya hapo juu kabisa, kiangazi kimoja tu kinatosha kuukausha mfereji.

Aliyepata jibu hakuwa mhandisi. Pierre-Paul Riquet alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi, na aliijua nchi hii kijito kwa kijito. Aliona kwamba vijito vya Montagne Noire, milima iliyo kaskazini mashariki, vinaweza kukusanywa kwa mitaro na kuletwa Naurouze vikitiririka vyenyewe, bila pampu yoyote. Bwawa la Saint-Ferréol, lililoanza kujengwa 1667, huweka akiba ya maji ya masika kwa ajili ya kiangazi. Riquet alifariki Oktoba 1680, miezi michache kabla ya mfereji kufunguliwa. Mtaro wake bado unaleta maji. Tulisimama pale unapoingia, maji safi yanayokwenda haraka kuliko ya mfereji, na binamu yangu akatupa jani juu yake tulione litakwenda wapi. Likapinda kushoto, upande wa Mediterania.

Mwenye siku ya ziada aufuate mtaro huo hadi Revel, kilomita 40 hivi za njia tulivu yenye kivuli.

Baada ya Naurouze unaingia mkoa wa Aude, na wakati ule lami iliishia hapo. Njia ikawa udongo na changarawe, na sehemu nyingine ni ukanda mwembamba wa kukanyagwa katikati ya majani. Tukasimama kupunguza upepo: psi 60 nyuma, 50 mbele. Si jambo dogo. Tairi gumu kwenye mizizi hurusha gurudumu, na kila mrusho huishia kwenye spoku, keria na mgongo wako. Ukilegeza mno nako, rimu itaubana mpira wa ndani kwenye jiwe na kuutoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiona matundu ya namna hiyo usihangaike kutafuta mwiba, ongeza upepo. Na mvua ikinyesha, udongo wa eneo hili, Lauragais, ni mfinyanzi unaonata. Hujazana chini ya madigadi hadi gurudumu ligome, kwa hiyo acha nafasi ya kidole kizima kati ya tairi na madigadi kabla hujatoka nyumbani.

Mizizi yenyewe ni ya miplatani. Maelfu ya miti hii ilipandwa ukingoni, hasa karne ya 19, ilete kivuli na kushikilia kingo zisibomoke. Leo inakufa. Ugonjwa wa ukungu unaoziba mishipa ya mti uligunduliwa kwenye mfereji mwaka 2006, na hauna tiba ya kuponya mti ulioupata. Kinachofanyika ni kuukata na kuuchoma, pamoja na jirani zake. Njiani tulipita sehemu za kivuli kizito, kisha ghafla nusu kilomita ya jua kali, visiki vimeng'olewa na miche imewekewa nguzo. Panga maji yako ukilijua hilo, kwa maana ramani ya zamani inayokuahidi kivuli hainyweshi mtu. Chupa zikiisha, tafuta makaburi ya kijiji: karibu kila makaburi ya Ufaransa yana bomba la kumwagilia maua. Soma kibao kwanza. Palipoandikwa «eau non potable», hayo si ya kunywa.

Kwenye malango ya maji teremka kidogo na utazame umbo. Vyumba vyake havina kuta zilizonyooka. Vimetanuka katikati, kama mita 11 tumboni na 6 kwenye milango. Kuta za mwanzo zilijengwa zikiwa zimenyooka, na ukuta mmoja ulipoporomoka kwa kusukumwa na udongo, Riquet akabadili mchoro. Ukuta uliopinda hulipokea shinikizo la udongo na kulipeleka pembeni, sawasawa na tao la daraja lililolazwa ubavu. Kwa mwendesha baiskeli lango lina maana nyingine pia: ni mahali pekee ambapo njia ina mteremko. Mita mbili au tatu kwa mkupuo, mara nyingi zikiwa na kokoto zilizolegea na kona kali chini ya daraja. Breki ya nyuma kwanza, na usikate kona ukiwa umeinamisha baiskeli yenye mizigo.

Castelnaudary tulifika saa sita kasoro, na tulifanya makusudi. Katika miji midogo ya Ufaransa maduka hufungwa mchana, mara nyingi hadi saa nane au tisa alasiri, na Jumatatu mengine hayafunguki kabisa. Tulinunua mkate, jibini na nyanya, tukala kando ya Grand Bassin, ziwa la hekta 7 ambalo mafundi wa Riquet walilitengeneza ili liyalishe maji malango manne ya Saint-Roch yaliyo chini yake. Mji unajulikana kwa cassoulet, maharage meupe yaliyopikwa taratibu kwenye chungu pamoja na nyama ya bata na soseji. Ni chakula kitamu sana cha jioni. Ukikila mchana hutaendesha tena.

Upepo ukabadilika tulipokuwa tukila. Nchi hii ina pepo mbili. Cers hutoka magharibi na kumsukuma anayekwenda baharini. Autan hutoka kusini mashariki, wa joto, na humpiga usoni. Siku ile alasiri ulikuwa autan. Kwenye lami mngefuatana tairi kwa tairi mkipokezana kukata upepo. Kwenye njia ya mizizi hilo ni hatari, kwa sababu wa nyuma haoni kinachokuja. Tukaachiana nafasi ya baiskeli moja, wa mbele akipaza sauti kila palipo na kitu. «Dada, mzizi! Dada, shimo!» Nusu ya faida ya kufuatana inapotea, lakini inayobaki inatosha.

Kabla ya Bram gurudumu langu la nyuma lilitoa mlio mkali mfupi, kisha rimu ikaanza kugusa breki kila mzunguko. Spoku moja ya kushoto ilikuwa imekatika kwenye shingo, pale inapopinda kuingia kwenye habu. Za kushoto huchoka kwa sababu inayoeleweka: upande wa kulia kuna gia, kwa hiyo spoku za kulia hukazwa zaidi ili rimu ikae katikati, na za kushoto hubaki na mkazo mdogo. Kila zikipita chini ya mzigo hulegea na kukaza tena, maelfu kwa maelfu ya mara, hadi chuma kichoke.

Za kushoto zina wema mmoja: huhitaji kung'oa gia ili kubadilisha. Tulikuwa na spoku za akiba za urefu wa kila upande, maana za kulia na kushoto huweza kutofautiana milimita mbili hivi, zimefungwa kwa utepe kwenye keria. Tukashusha mifuko, tukalegeza breki na kutoa gurudumu. Kipande kilichobaki kwenye habu husukumwa nje kwa kidole. Kile cha upande wa rimu hufunguliwa kutoka kwenye nati yake ndogo. Nati ikiwa nzima, tairi halitolewi. Kisha tazama spoku ya pili kutoka pale kwenye pengo, upande uleule: imeingia habu kwa ndani au kwa nje, imepita juu ya zipi na chini ya ipi. Mpya ifuate vivyo hivyo. Ili ipenye inabidi kuikunja kidogo kama upinde, na hilo haliidhuru.

Tia tone la mafuta kwenye uzi, kaza kwa vidole hadi uzi ufichike ndani ya nati, ndipo ushike ufunguo. Ukitazama kutoka upande wa tairi, kukaza ni kuzungusha kama mishale ya saa. Ukitazama kutoka kwenye habu ni kinyume, na hapo ndipo wengi hulegeza wakidhani wanakaza. Rudisha gurudumu, tumia mpira wa breki kuwa kipimo, zungusha, na ukaze robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi rimu ipite bila kugusa. Mwisho, zipige spoku za kushoto kwa ukucha. Mpya itoe sauti inayokaribiana na ndugu zake. Kisha tukahamisha hema na chupa za maji kutoka kwangu kwenda mbele ya baiskeli ya binamu yangu.

Bram tuliingia kwa muda mfupi. Nyumba zake zimejengwa kwa mizunguko inayolizingira kanisa, na mwaka 1210 Simon de Montfort, kiongozi wa jeshi la Vita vya Msalaba, aliwatoboa macho askari walioulinda mji, zaidi ya mia, akamwachia mmoja jicho moja awaongoze wenzake.

Carcassonne mfereji unapita kando ya stesheni ya treni. Mwanzoni uliuepuka mji kwa sababu wakuu wake hawakutaka kuchangia gharama. Uliletwa hapa 1810. Ngome yenyewe, la Cité, iko ng'ambo ya mto Aude, na njia nzuri ni daraja la kale la karne ya 14, lisilo na magari. Ndani ya malango ni mawe ya kukanyaga na umati wa watu, baiskeli isukumwe. Afadhali zaidi ni kuzunguka les lices, uwazi ulio kati ya kuta mbili, ambako huingii kwa tiketi. Upande wa kaskazini tafuta mawe madogo yenye mistari ya matofali mekundu: hiyo ni kazi ya zama za Warumi. Juu yake ni mawe ya zama za kati, na paa zilizochongoka ni za msanifu majengo Viollet-le-Duc, aliyeanza kukarabati 1853, baada ya ngome kuponea chupuchupu kubomolewa.

Asubuhi yake nikalikagua gurudumu, kwa sababu spoku mpya hulegea baada ya kilomita za kwanza. Ilihitaji robo mzunguko, na jirani yake kidogo. Tukashika njia ya Trèbes.